Kabla ya kulipa ada, uliza vitanda

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Shangazi yangu wa Korogwe, majirani wa zamani, watu niliokuwa nao kwaya: kila mmoja ana mtoto aliyesoma PCB, na kila mmoja anataka kujua aombe wapi. "Sista, wewe uko humo ndani, tuambie ukweli. Chuo gani kizuri?" Wengi wanataka niseme Muhimbili. Nikiwaambia alama za mtoto hazifiki huko, wanataka niwatajie kingine kinachofanana nacho. Halafu huja swali la pili, sauti ikishushwa kidogo: "Na udaktari ukimpita, si anaweza kuchukua hata unesi?" Mimi ni muuguzi, na anayeniuliza anajua.

Huwa sikasiriki. Namrudishia swali: chuo hicho kinapeleka wanafunzi hospitali gani, hospitali hiyo ina vitanda vingapi, na mwanao akifika kitandani nani atasimama naye? Mpaka leo sijapata mzazi aliyenijibu, na si kosa lao. Wanajua ada, wanajua habari za hosteli, wanajua mkopo wa Bodi hutoka lini na huchelewa vipi. Jambo litakaloamua kama mtoto atakuwa daktari au muuguzi wa kuaminika halimo kwenye karatasi yoyote waliyopewa.

Nijitambulishe kidogo ili msomaji ajue nasimama wapi. Nilianza na stashahada ya uuguzi na ukunga, nikafanya kazi leba miaka ya kutosha kuchoka, nikarudi chuo kikuu kusoma shahada nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Sasa ni muuguzi kiongozi wa wodi ya upasuaji ya wanaume katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa. Wodi yangu hupokea wanafunzi wa udaktari, wanafunzi wa shahada ya uuguzi, wa stashahada ya uuguzi, na wale wa utabibu. Juu yao wapo madaktari tarajali na wauguzi tarajali. Kuna asubuhi ambayo makoti meupe ni mengi kuliko mashuka.

Mafunzo yenyewe ni marefu. Udaktari ni miaka mitano kisha mwaka mmoja wa utarajali. Shahada ya uuguzi ni miaka minne, nayo hufuatiwa na mwaka wa utarajali. Miaka ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, biokemia, na harufu ya formalini inayoganda kwenye nywele hata uoge mara mbili. Hapo ndipo vijana waliozoea kuongoza darasani wanapokutana na sapu kwa mara ya kwanza maishani, na wengine wanadisko kabisa. Magazeti yameandika sana kuhusu ugumu huo, na ni kweli ni mgumu. Lakini kitabu humsubiri mtu. Usipoelewa leo utarudia kesho, utamwomba mwenzako akueleze, utatazama video. Mgonjwa hasubiri, na yeye ndiye nusu ya pili ya masomo.

Chukua Jumatatu moja ya kawaida. Kitanda namba tisa amelala mzee wa makamo, fundi uashi, kavunjika paja baada ya kudondoka kwenye jukwaa. Mguu umening'inizwa na uzito, anasubiri zamu yake ya upasuaji. Raundi ya daktari bingwa ikipita, wanafunzi wa udaktari wanabaki nyuma kufanya mazoezi. Mmoja anaweka stethoskopu kifuani, anasikiliza, anaandika. Anakuja wa pili, wa tatu, na nyuma yao foleni. Mzee kavumilia mpaka karibu na chakula cha mchana, ndipo akaniita nilipokuwa napita na trei ya dawa: "Mwanangu, mimi nimeumia mguu. Mbona kila mtu anasikiliza moyo?"

Nilicheka, naye akacheka. Nikafunua shuka upande wa mguu na kuwaita wale waliokuwa bado wamesimama. Nikauliza nani anaweza kunieleza kuhusu vidonda vya mgandamizo. Binti mmoja wa mwaka wa nne alitaja hatua zote nne kwa mpangilio, maneno yaleyale ya kitabuni, bila kukwama. Nikamwambia ashike kisigino cha mzee. Alishika, akasema hakuna kitu, ngozi haina wekundu. Nikamwambia afumbe macho, ashike tena, kisha ashike na kisigino cha mguu mwingine. Akakaa kimya kidogo. "Huku kuna joto. Na pagumu."

Ngozi ya yule mzee ni nyeusi kama yangu. Wekundu unaotajwa vitabuni uliandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe. Kwetu kidonda kinachoanza hukikuti kwa macho, unakikuta kwa mgongo wa kidole: joto kidogo, ugumu kidogo, mgonjwa anasogeza mguu unapobonyeza. Binti yule angeweza kupata asilimia mia katika mtihani wa maandishi, akaajiriwa, akaacha visigino vya watu vioze chini ya shuka safi. Sasa hawezi tena. Somo lilichukua dakika nne, na nililipata kwa kuiba muda wa kugawa dawa, maana siku hiyo tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima.

Wizi wa muda wa namna hiyo ndio unaobeba mafunzo ya afya nchini. Muulize daktari yeyote mzuri unayemjua nani alimfundisha kutoboa mshipa wa mtoto aliyepungukiwa maji. Atakutajia nesi wa zamu ya usiku. Nesi huyo hayumo kwenye orodha ya walimu wa chuo chochote, hakuna saa zilizotengwa kwa kazi hiyo, na mwisho wa mwezi mshahara wake ni uleule awe amefundisha watu ishirini au amewafukuza wote. Wanaofundisha hufundisha kwa moyo. Wanaofukuza nao nawaelewa: mwanafunzi hana leseni, mwenye leseni ni muuguzi aliyemruhusu ashike sindano.

Vyuo vina wakufunzi wao wa kliniki, hilo nalikubali, na baadhi yao ni watu wa kupigiwa mfano. Lakini mkufunzi mmoja ana wanafunzi waliotawanywa kwenye wodi saba, wakati mwingine hospitali mbili. Anafika saa nne asubuhi, anahesabu vichwa, anasaini mahudhurio, anauliza maswali mawili, anaondoka kwenda wodi nyingine. Alfajiri, tunapobadilisha mashuka ya mgonjwa aliyejichafua, hayupo. Saa tisa usiku presha ya mgonjwa inapoanza kushuka, hayupo pia, na wanafunzi wenyewe hawapo. Wengi hupangiwa zamu ya mchana tu kwa sababu za usafiri na usalama. Wakati mwingi wa ugonjwa ni usiku, nao wanausoma kwenye faili asubuhi.

Nikiwa kwenye faili hapohapo, niseme jambo moja linalonikera kuliko yote. Fungua karatasi ya vipimo ya mgonjwa yeyote mahali ambapo wanafunzi wameachwa peke yao, tazama safu ya upumuaji. Utakuta ishirini. Chini yake ishirini. Kesho yake ishirini. Wodi nzima inapumua sawasawa, aliyetoka kupasuliwa tumbo na aliyekuja kufungwa kidole. Mwanafunzi alimwona mwenzake anaandika hivyo, naye akaandika. Hakuna aliyemwambia kuwa pumzi huhesabiwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde, na kwamba unaendelea kushika mkono wa mgonjwa kama bado unapima mapigo ili asijue unamhesabu, maana akijua tu anabadilisha. Ni ujanja mdogo ambao haujai hata nusu ukurasa, lakini lazima mtu asimame nawe akuonyeshe.

Alikuwepo mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uuguzi, kijana wa kiume, mpole hadi unamsahau kama yupo. Nilimwonyesha hivyo siku yake ya kwanza. Wiki iliyofuata alinifuata mezani akasema kitanda namba tatu ni thelathini na nne. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema amehesabu mara mbili. Mgonjwa alikuwa amekaa, anaongea na mkewe, halalamiki, presha yake nzuri, na mstari uliotangulia kwenye karatasi ulisomeka ishirini. Tulimwita daktari. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia, na jioni hiyo alirudishwa chumba cha upasuaji. Aliondoka hospitali kwa miguu yake. Kijana yule baba yake alikuwa ameniambia kwa simu kwamba "alikosa udaktari".

Nilisema nilikuwa leba. Huko ndiko wingi wa wanafunzi unapoonyesha ubaya wake bila kificho, na wanaolipa ni kina mama. Kila mwanafunzi wa ukunga ana logibuku, na kwenye logibuku kuna idadi ya akina mama anaotakiwa kuwapima njia na idadi ya watoto anaotakiwa kuwapokea. Mwanafunzi wa udaktari naye ana yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyeanza uchungu wa kweli apimwe njia kila baada ya saa nne. Sasa weka wanafunzi kutoka vyuo vitatu kwenye leba moja, kila mmoja bado ana nafasi tupu kwenye kitabu chake na wiki ya mwisho imefika. Hutahitaji kuambiwa nini hutokea. Nimemsikia mama akimwambia mtu wa tano aliyekuja na glavu mkononi: "Nyie hamuambiani?" Kila aliyempima alijua nusu ya kazi. Hakuna aliyekaa naye kuona uchungu unavyobadilika, jinsi sauti ya mama inavyobadilika kabla hata njia haijafunguka yote, jinsi anavyoacha kuongea na kuanza kusikiliza mwili wake. Hayo ndiyo ukunga. Huyaoni kwa kuingia dakika mbili na kutoka.

Mkunga wetu kiongozi wa wakati ule, mama mmoja mkali aliyekuwa karibu kustaafu, alikataa. Akaweka utaratibu wake: mwanafunzi mmoja, mama mmoja, tangu anapopokelewa mpaka mtoto amenyonya. Wengine wote wangojee nje au waende wodini kwa wazazi waliojifungua wakajifunze kunyonyesha. Vyuo vililalamika kwamba wanafunzi hawafikishi idadi. Yeye akawajibu kuwa wakitaka idadi waende sokoni. Waliopita kwenye mikono yake nakutana nao mpaka leo kwenye semina, na mtu hahitaji kuniambia alifundishwa wapi. Namjua kwa namna anavyogonga mlango kabla ya kuingia kwa mgonjwa.

Lakini mama yule alikuwa mmoja. Sehemu nyingi kinachoshinda ni logibuku. Ijumaa ya mwisho ya rotesheni, kuanzia saa nane mchana, mlango wa ofisi ya muuguzi kiongozi unakuwa kama dirisha la benki siku ya mishahara. Kila mmoja ameshika kitabu. "Mama, naomba saini." Mimi nasaini nilichokiona tu, ndiyo maana ninaitwa majina ambayo hawadhani nayajua. Lakini najua zipo ofisi ambako kitabu kizima husainiwa kwa pamoja, kurasa zikifunuliwa kwa kidole gumba. Siwezi kumlaumu sana anayesaini. Amepewa wanafunzi arobaini ambao hakuwaomba, anaambiwa athibitishe vitendo ambavyo hata kama wangevifanya, asingekuwa na macho ya kuviona vyote.

Na wanafunzi nao? Sina hakika kama wananung'unika vya kutosha. Wamezoea. Bumu likichelewa wanakuja bila kunywa chai, wanasimama saa sita, wanatumwa kupeleka damu maabara, kusukuma machela, kutafuta faili. Tuwe wakweli sisi wauguzi wa zamani: tumewafanya vibarua. Mwanafunzi wa shahada akiuliza kwa nini jambo linafanywa hivi, kuna dada zangu wanamjibu, "Nyie wa digrii mnajua kuandika tu." Kisha tunashangaa wakimaliza wanakimbilia ofisi za miradi na maduka ya dawa.

Kuna wakati jambo hili lilieleweka vizuri zaidi. Chuo cha Udaktari cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1963, kililelewa na hospitali ambayo leo ni Muhimbili. Mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, siku zile za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1976 kitivo kikaunganishwa na hospitali kuwa kituo kimoja cha tiba. Kikaja kuwa chuo kishiriki mwaka 1991 na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Tazama na Moshi: hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, chuo chake cha udaktari kikaja 1997. Bugando ya Mwanza nayo ilifunguliwa 1971, chuo kikafuata 2003. Hospitali zilitangulia chuo kwa zaidi ya miaka ishirini. Wagonjwa walikuwepo, mabingwa walikuwepo, manesi waliojua kazi walikuwepo, ndipo wanafunzi wakaletwa. Siku hizi chuo kinaweza kuanza na majengo na tovuti, kisha kikaandika barua kuomba nafasi katika hospitali ambayo tayari imefurika wanafunzi wa wengine.

Hili si tatizo la Tanzania peke yake, wala si jipya. Mwaka 1910 Mmarekani Abraham Flexner, mwalimu asiye daktari, alitoa ripoti baada ya kuzungukia vyuo vya udaktari 155 vya Marekani na Kanada. Alikuta vyuo vinavyokusanya ada na kutoa vyeti huku wanafunzi wakiwa karibu hawamgusi mgonjwa. Kipimo chake kilikuwa chuo cha Johns Hopkins cha Baltimore, kilichofunguliwa 1893, ambako daktari William Osler aliwatoa wanafunzi kwenye mihadhara akawaingiza wodini. Vyuo vingi vilifungwa baada ya ripoti ile. Naitaja pamoja na aibu yake: kati ya vyuo saba vilivyofundisha Wamarekani weusi, vitano vilikufa, vikabaki Howard na Meharry. Kwa hiyo sisemi tufunge vyuo kwa fujo. Ukifunga bila kufikiri, wanaofungiwa mlango ni watoto wa maskini.

Najua jibu ninalopewa kila nikisema haya kwenye vikao. Nchi ina upungufu wa madaktari na wauguzi, mtu mwenye akili hawezi kupinga udahili mkubwa. Upungufu naujua, niliutaja pale juu: wauguzi wawili wodi nzima. Lakini upungufu wa wodini kwangu haujazwi na vyeti. Wahitimu wapo mtaani wanasubiri tangazo la ajira, baadhi yao niliwafundisha mwenyewe. Na hata siku wakiajiriwa wote, muuguzi anayeandika ishirini bila kuhesabu haongezi idadi ya wauguzi, anaongeza idadi ya watu tunaopaswa kuwakagua. Wengine wananiambia maabara za stadi zenye masanamu zitamaliza shida. Ni nzuri, nazipenda, mtu akosee kwenye plastiki kwanza. Lakini sanamu halina joto kisiginoni, na halimuulizi mtu kwa nini anasikiliza moyo wakati lililovunjika ni paja.

Yapo mambo yanayowezekana bila kusubiri fedha za kigeni. Hospitali za wilaya zina wagonjwa tele na wanafunzi wachache. Wapelekwe huko kwa miezi, si kwa wiki mbili za utalii, na wakae usiku, chuo kikibeba gharama ya malazi. Vyuo husema huko hakuna mabingwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hahitaji bingwa wa figo. Anahitaji kujua kuhesabu pumzi, kumgeuza mgonjwa, kuzungumza na mtu mwenye maumivu, na kumtambua anayezidiwa kabla hajazidiwa.

La pili ni hela, na hapa nitasema wazi. Vyuo hulipa hospitali ada ya mafunzo kwa vitendo kwa kila mwanafunzi. Nilipo mimi, fedha hiyo inaingia kwenye akaunti na huko inaishia. Wodini kinachofika ni wanafunzi, na glavu za mwezi zinaisha katika wiki mbili. Sehemu ya ada hiyo irudi pale ambapo mafunzo yanafanyika. Kila wodi inayopokea wanafunzi iwe na muuguzi mmoja kwa kila zamu ambaye kazi yake siku hiyo ni kufundisha, hagawi dawa, hajazi fomu za bima, na analipwa posho inayojulikana. Muuguzi wa namna hiyo akisaini logibuku, saini yake itakuwa na maana.

La tatu naliomba kwa Tume ya Vyuo Vikuu pamoja na mabaraza ya madaktari na ya wauguzi na wakunga. Mwongozo wa udahili wa TCU unaonyesha kila programu ina nafasi ngapi. Pembeni ya namba hiyo, kwa udaktari na uuguzi, ziongezwe safu mbili: wanafunzi wangapi kwa kitanda kimoja katika hospitali ya mafunzo, wakihesabiwa wa vyuo vyote wanaoitumia hospitali hiyo, na wakufunzi wangapi wanaolipwa kukaa nao wodini. Chuo ambacho hakina namba hizo kisipewe nafasi hata moja. Zichapishwe mwakani, wazazi wazisome kabla hawajauza shamba.